Kwadi ya mtoto si kaptula ya shule

Msimu wa alizeti unapofungwa na magunia ya mwisho yakiwa yamepakiwa kwenda Dodoma, fedha iliyobaki mkononi mwa mfanyabiashara wa Busi huanza kutafuta pa kwenda. Zamani njia zake zilijulikana: mabati, ng'ombe, mashine ya kusaga, ada ya shule. Lakini tangu barabara kuu ya Dodoma hadi Babati kupitia Kondoa, yenye urefu wa kilomita 251, ilipozinduliwa rasmi mwaka 2018 ikiwa na lami, na tangu Serikali ilipohamia Dodoma, bidhaa zilizokuwa za watu wa Dar es Salaam na Arusha zimesogea karibu, na maombi ya watoto yamesogea nazo.

Ombi moja linastahili kupimwa kibiashara kabla ya mzazi kulijibu. Ni la mtoto aliyeona kwenye simu watoto wenzake wakishindana kwa pikipiki ndogo za magurudumu manne, zile zinazoitwa kwadi, naye akasema anataka kuwa dereva wa mashindano. Baba mwenye uwezo hataki kumvunja moyo. Anauliza bei, anaambiwa ndogo kabisa zinapatikana kwa kuagiza tu, ila ipo moja kubwa ya cc 200 au 250 imetumika kidogo. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Kosa lenyewe lina asili nzuri. Kila mzazi wa Kitanzania anajua kununua kaptula ya shule iliyo kubwa. Mtoto wa darasa la kwanza huifunga kwa mkanda, wa darasa la tatu huivaa ikamkaa, na fedha ya kaptula mbili imeokolewa. Ni uchumi safi. Lakini mzazi akiupeleka uchumi huo kwenye kwadi, kwamba "atakua nayo", anakuwa amenunua kitu ambacho kinaweza kumzuia mtoto asikue kabisa.

Uzito kwanza, cc baadaye

Wanunuzi wengi huuliza cc. Swali la kwanza lingepaswa kuwa kilo. Yamaha YFZ50, ambayo hutengenezwa kwa ajili ya watoto kuanzia miaka 6, ina injini ya cc 49 na uzito wa takriban kilo 100. Ndugu yake wa watu wazima, YFZ450R, ana uzito unaozidi kilo 180. Mtoto wa miaka 6 mwenye afya njema huwa na kilo 20 hivi. Maana yake ni kwamba hata ile ndogo kabisa ina uzito mara 5 ya mpandaji wake, na ile kubwa mara 9.

Uzito huo una kazi mbaya kwenye kona. Kwadi za michezo kwa kawaida zina ekseli ya nyuma isiyo na difu, kwa hiyo magurudumu mawili ya nyuma huzunguka kwa mwendo mmoja hata pale ambapo la nje linatakiwa kwenda mbali zaidi kuliko la ndani. Chombo hutaka kuendelea moja kwa moja. Anayekikatisha kona ni mpandaji, kwa kuhamisha uzito wa mwili wake upande wa ndani. Mtoto wa kilo 20 juu ya chombo cha kilo 180 hana cha kuhamisha. Akilazimisha, gurudumu la ndani huinuka na chombo hupinduka. Pikipiki ya kawaida ikianguka mara nyingi humtupa mpandaji pembeni, lakini kwadi ikipinduka huweza kumlalia. Kwenye ardhi ya Kondoa, yenye mchanga na makorongo ambayo yaliilazimu Serikali kuanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma mwaka 1973, hakuna haja ya kutafuta mbali mahali pa kupindukia.

Marekani, ambako soko la vyombo hivi ni kubwa kuliko kwingi, ilijifunza somo hili kwa gharama. Honda ilianza kuuza huko chombo cha aina hii chenye magurudumu matatu mwaka 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Suzuki ikaingia na cha magurudumu manne. Majeruhi na vifo viliongezeka kiasi kwamba mwaka 1988 makampuni makubwa yalikubaliana na Serikali, mbele ya mahakama, kuacha kuuza vya magurudumu matatu na kutowauzia vikubwa wazazi wa watoto walio chini ya miaka 16.

Baadaye viwango vilipangwa kwa umri na mwendo. Kwadi ya mtoto kuanzia miaka 6 haitakiwi kuzidi kilomita 24 kwa saa, na iweze kufungwa isizidi 16. Ya kuanzia miaka 10 haitakiwi kuzidi kilomita 48, na iweze kufungwa isizidi 24. Aidha, chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo kinakwenda mbali zaidi. Kinashauri kwamba aliye chini ya miaka 16 asipande kabisa. Mzazi anayenunua baada ya kuusikia ushauri huo ananunua akijua.

Yapo mengine yaliyotokea huko ambayo wafanyabiashara wa Dodoma wanapaswa kuyatafakari. Mwaka 2008 ilipitishwa sheria ya kuzuia madini ya risasi katika bidhaa za watoto, na kwa kuwa baadhi ya vipuri vya kwadi vina risasi kidogo, mapema mwaka 2009 kwadi ndogo ziliondolewa madukani. Mamlaka iliyokuwa inasimamia sheria hiyo ndiyo iliyolazimika kulegeza kamba mwaka huo huo, kwa hofu kwamba wazazi waliokosa ndogo wangewapandisha watoto kwenye kubwa. Mwaka 2011 sheria yenyewe ikarekebishwa. Mzazi wa Busi yupo katika hali hiyo kila siku. Ndogo haipo dukani, kubwa ipo. Uhaba wa kipimo kinachofaa usihesabiwe kuwa ni ruhusa ya kununua kisichofaa.

Vipimo visivyohitaji fundi

Kwa bahati nzuri, kupima kama chombo kinamfaa mtoto hakuhitaji elimu ya ufundi. Injini ikiwa imezimwa, mtoto aketi na kuweka nyayo zote mbili kwenye vikanyagio; magoti yawe yamekunjika. Asimame juu ya vikanyagio. Kati ya makalio na kiti ibaki nafasi ya sentimita 7 au 8. Azungushe usukani mpaka mwisho kushoto na mpaka mwisho kulia bila kulazimika kujivuta mbele. Anyooshe vidole kwenye breki. Pingili ya kwanza ya kidole ipite mkono wa breki bila kuachia usukani. Akishindwa hata kimoja kati ya vipimo hivyo, chombo hicho si chake mwaka huu, hata kama muuzaji atapunguza bei mara tatu.

Baada ya mwili wa mtoto, kikaguliwe chombo chenyewe. Kiwe na kizuizi cha mafuta, ambacho kwa kawaida ni skrubu inayozuia mkono wa gesi usifike mwisho. Kiwe na swichi ya kamba, inayofungwa mkononi mwa mtoto ili akianguka injini izime yenyewe. Kiwe na breki ya kuegesha. Miguu iwe imekingwa isiteleze na kuingia mbele ya gurudumu la nyuma.

Mbio zenyewe zipo wapi?

Hapa ndipo mahesabu mengi ya wazazi yanapopotea. Mtoto amesema anataka mashindano. Basi mtaka mashindano aangalie kwanza mashindano yaliyopo, kama mnunuzi wa ulezi anavyoangalia soko kabla ya kujaza ghala.

Busi hakuna uwanja wa mbio. Viwanja vya Afrika Mashariki vinavyojulikana zaidi kwa mbio za pikipiki za vumbi ni Jamhuri Park mjini Nairobi na Garuga, karibu na Ziwa Victoria upande wa Entebbe. Watoto hushindana huko kwa madaraja ya cc 50, 65 na 85, na madaraja hayo ni ya pikipiki za magurudumu mawili. Mashindano ya mataifa ya Afrika chini ya FIM Africa nayo hufuata mpangilio huo. Mbio za kwadi za watoto, zenye madaraja yake kwa umri, zina nguvu Marekani. Afrika Kusini nayo ina kwadi katika mbio zake za nyikani.

Kwa maana hiyo, mzazi wa Kondoa anayemnunulia mtoto kwadi kwa ajili ya mbio anamkatia tiketi ya basi lisilopita Kondoa. Mtoto ataendesha, atafurahi, atakuwa hodari wa kuzunguka shamba la baba yake, kisha siku ya mashindano atakuta wenzake wamepangwa na chombo kingine. Kama mbio ndiyo nia, pikipiki ndogo ya magurudumu mawili ndiyo inayomfikisha kwenye mstari wa kuanzia. Yamaha PW50, ambayo imekuwa sokoni tangu mwaka 1981, ina uzito wa kilo 41 hivi, haina gia za kubadili, na bei yake dukani Marekani kwa miaka ya karibuni imekuwa karibu na dola 2,000. YFZ50 ya magurudumu manne huzidi kidogo. Raptor 90, kwadi ya mtoto kuanzia miaka 10, imezidi dola 3,000.

Wapo watakaosema magurudumu manne ni salama zaidi kwa kuwa hayaanguki yakisimama. Ni kweli yakisimama. Yakitembea, uthabiti huo humdanganya mtoto na mzazi wake. Baiskeli na pikipiki humfundisha mtoto mapema kwamba kona ina adhabu, lakini kwadi hunyamaza mpaka siku inapopinduka.

Hesabu ya bandarini

Bei ya dukani ng'ambo ni mwanzo tu. Kiforodha, kwadi yenye usukani unaofanana na wa gari huingia katika fungu la magari ya abiria, wala si la pikipiki, jambo ambalo huwashangaza waagizaji wengi. Kwa viwango vya kawaida, ushuru wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 25, na juu yake huja VAT ya asilimia 18. Chombo kilichofika bandarini kikiwa na thamani ya dola 2,000 pamoja na usafiri na bima, huongezewa ushuru dola 500, kisha VAT dola 450. Tayari ni dola 2,950, kabla ya tozo ndogo ndogo, wakala, gharama za bandari na lori la kutoka Dar es Salaam hadi Kondoa. Mwagizaji mwenye busara humuuliza wakala wa forodha fungu na viwango vya wakati huo kabla ya kulipa.

Halafu zipo gharama za kumvisha mtoto. Helmeti iliyo saizi ya kichwa chake na yenye alama ya viwango vinavyotambulika, miwani ya vumbi, buti, glavu na kinga ya kifua. Helmeti ya dereva wa bodaboda haimfai, kwani inayocheza kichwani ni sawa na kutokuwa nayo. Fedha isipotosha vyote, kinachopaswa kusubiri ni chombo.

Baada ya hapo kuna mbio zenyewe. Kutoka Kondoa hadi Nairobi kupitia Arusha na Namanga ni zaidi ya kilomita 500. Familia itakayokwenda mara 6 kwa mwaka, kwenda na kurudi, itakuwa imesafiri zaidi ya kilomita 6,000, pamoja na pikapu, mafuta, malazi, ada ya kushiriki na fundi. Bei ya kununulia chombo huonekana ndogo mwaka wa pili.

Kwa hiyo mfanyabiashara aandike jambo hili katika safu inayostahili ya daftari lake. Bodaboda inayonunuliwa leo huleta hesabu jioni. Kwadi ya mtoto haileti kitu. Ni matumizi, wala si rasilimali, na hakuna ubaya kutumia kwa ajili ya mtoto alimradi fedha inatoka kwenye faida iliyobaki baada ya mtaji wa msimu ujao kuwekwa kando. Anayeuza alizeti mapema kwa bei ya hasara ili apate fedha ya kuagiza kwadi atakuwa amelipa mara mbili.

Vipuri na fundi

Soko lina kundi la tatu, nalo ni kwadi za Kichina za cc 110 na 125 ambazo bei yake ni nafuu kuliko za Kijapani. Zina fadhila moja kubwa kwa mtu wa Busi. Injini zake nyingi ni za ukoo wa Honda Cub, na fundi aliyezoea pikipiki ndogo za Kichina hatazishangaa. Kabureta, plagi na klachi vyaweza kupatikana Dodoma bila kusubiri meli. Za Kijapani kama YFZ50 na Raptor 90 hutumia mkanda badala ya gia, na mkanda wake hauuzwi kila duka. Anayechagua hizo aagize mkanda wa akiba, plagi, brekipedi na chujio la hewa siku ile ile anayoagiza chombo.

Hata hivyo, unafuu wa Kichina una masharti. Mamlaka ya usalama wa bidhaa ya Marekani imetoa maonyo mara nyingi juu ya kwadi za watoto zisizo na majina makubwa: nyingine hazina breki ya kuegesha, nyingine zinapita mwendo ulioruhusiwa kwa umri wa mtoto. Anayenunua hizo akague uchomeleaji wa fremu, bushi za usukani na breki zote kabla ya kulipa. Kwa vumbi la uwanda wa kati, chujio la hewa lisafishwe kila baada ya kuendesha. Injini ndogo inayovuta vumbi haimalizi mwaka.

Suala la kuuza tena nalo lipimwe. Mtoto hukaa kwenye chombo cha cc 50 kwa miaka 2 au 3 tu, kisha kinamwacha. Chombo chenye jina, kilichotunzwa na chenye vipuri vyake, humpata mnunuzi wa pili kwenye miji yenye mbio. Kisicho na jina huishia kuwa banda la kuku. Hapa wafanyabiashara wa Dodoma wana nafasi: atakayeweka dukani saizi ndogo pamoja na helmeti zake, na kukubali kununua tena ile iliyomwacha mtoto ili amuuzie mwingine, atakuwa na mteja wa miaka 10 katika familia moja. Anayeuza cc 250 kwa ajili ya mtoto wa miaka 8 ana mteja wa siku moja.

Kabla ya kutoa fedha

Mzazi ambaye bado hana uhakika kama mtoto ana nia ya kweli anacho kipimo cha bei nafuu. Ampe baiskeli. Mtoto anayeanguka kwenye mchanga, akajipangusa na kurudi kupanda tena kwa miezi sita, huyo ana moyo wa mbio. Aliyeiegesha ukutani baada ya wiki mbili ameiokolea familia dola 3,000.

Akishathibitika, mpangilio uwe huu. Helmeti na mavazi kwanza. Kisha, kama nia ni mashindano, pikipiki ndogo ya magurudumu mawili ya daraja lililopo Nairobi na Garuga. Kama nia ni kufurahi shambani, kwadi ya kipimo cha umri wake, kizuizi cha mafuta kikiwa kimefungwa na mtu mzima akiwa karibu. Isipite barabarani hata kwenda dukani, kwa kuwa mtoto hana leseni na malori ya njia kuu hayana subira. Wala asipakie mdogo wake. Mshikaki wa bodaboda ni mbaya, na wa kwadi ni mbaya zaidi, kwa sababu anayepakiwa humnyima dereva nafasi ya kuhamisha mwili wake kwenye kona.

Wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe. Walisema hivyo wakijua kwamba wembe hukata kidole, kidole hupona, na mtoto hubaki na somo. Chombo cha kilo 180 hakikati kidole. Mzazi wa Busi aliyezoea kukataa gunia lisilotimia uzito kwenye mizani anao ujuzi wote anaouhitaji. Akifika dukani ampandishe mtoto, apime miguu, apime vidole, na kipimo kikikataa arudi nyumbani na fedha yake. Kaptula kubwa aiache kwa fundi cherehani.